Mng'ao haubingiriki

Kazi yenyewe ilikuwa ya sekunde 8 tu. Mteja alitaka utambulisho wa kipindi cha televisheni cha mwezi wa Ramadhani: misumari ya shaba ibingirike kutoka pembeni mwa skrini, ijipange juu ya ubao wa mlango, kisha jina la kipindi litokee katikati na mwanga upite juu yake. Misumari 48, safu 6 za misumari minane minane.

Nimezaliwa Mji Mkongwe, Unguja. Milango ya misumari nimeipita kila siku tangu nikienda chuoni na juzuu yangu kifuani. Kwa hiyo sikwenda kuutazama mlango wowote. Nilikaa kwenye kompyuta, nikachora duara kwenye After Effects, programu ya kutengenezea michoro inayotembea, nikalitia rangi ya shaba inayofifia kuelekea ukingoni, nikaweka kidoa cheupe juu kushoto kuwa ndio mng'ao, nikanakili mara 48, nikaibingirisha. Kisha nikabonyeza kitufe cha kuchezesha.

Kila msumari ulikuja na kidoa chake kikizunguka pamoja nao, juu, kulia, chini, kushoto, kama mboni ya jicho inayozungushwa. Na iliposimama ndiyo ikawa mbaya zaidi. Huu mwanga wake uko chini, wa jirani uko kulia, wa tatu uko juu. Ungedhani kila msumari umewashiwa taa yake peke yake.

Sikujua kosa linaitwaje. Niliona tu kwamba ile si shaba, ni vifungo vya shati vilivyopakwa rangi. Nikafanya wanalofanya wengi tukikwama: nikaongeza. Nikakilainisha kidoa, nikakizidishia ukali, nikatia ukungu wa mwanga pembeni. Siku mbili nzima zikaenda hivyo, na kila nilichoongeza kilizidi kulitangaza kosa.

Siku ya tatu nikamwendea Ami yangu. Ami ni fundi wa milango. Anatengeneza ya zamani, anachonga mipya, na misumari anaisugua mwenyewe kwa ndimu na majivu kabla ya kuipigilia. Nilimwamkia, nikampa simu, nikamwambia, "Ami, hebu nitazamie hii, ina kasoro na siioni ilipo."

Aliitazama mara moja, akanirudishia. Hakusema kitu. Akatia mkono kwenye kopo, akatoa msumari mmoja uliokuwa umesuguliwa nusu, wenye kichwa cha mviringo kama nusu ya limau, akasogea mlangoni penye mwanga. Akaushika kwa kidole gumba na cha shahada.

"Unaliona hili doa?"

Palikuwa na doa la kutu ya kijani, dogo kuliko punje ya mchele. Akauzungusha msumari taratibu, doa likazunguka nao.

"Sasa uangalie mwanga."

Akauzungusha tena. Doa likaenda, likarudi. Mwanga ulikuwa upande wa mlangoni, mdogo, mkali, na ukabaki palepale. Akauzungusha kwa haraka mpaka doa likawa mstari wa kijani, na mwanga haukutikisika hata kidogo.

"Doa ni la msumari, mwanangu," akasema. "Mwanga si wake."

Kisha akauweka msumari juu ya meza, akaniambia nisiuguse, nisogeze kichwa changu. Nikainamia kushoto, mwanga ukateleza. Nikainuka, ukateleza tena. Msumari umetulia, mlango umetulia, mwanga unatembea kwa sababu mimi nimetembea.

Miaka kadhaa imepita tangu siku ile, na karibu kila ninachokijua leo kuhusu mng'ao kimetoka kwenye dakika tano za mlangoni pale. Nilikuwa nikiuchukulia mng'ao kama sehemu ya umbo, kama rangi yake au mstari wake wa nje. Kumbe mng'ao ni makubaliano ya watatu: taa, jicho, na uso wa kitu. Kitu peke yake hakiwezi kuumiliki.

Marekebisho ya kwanza yalikuwa mepesi kuliko nilivyotarajia. Katika After Effects, ndani ya leya moja ya maumbo, yaani tabaka moja la mchoro, unaweza kuwa na makundi kadhaa, na kila kundi lina mahali pake na mzunguko wake. Mwanzoni nilikuwa nikiizungusha leya nzima. Sasa nikaweka mwili wa msumari, mikwaruzo yake na doa la kijani katika kundi moja, mng'ao katika kundi jingine juu yake, kisha nikalizungusha kundi la chini tu. Msumari ukabingirika, mikwaruzo ikazunguka, mwanga ukatulia. Nilitia doa la kijani kwa makusudi kwenye misumari michache, maana bila kitu kinachozunguka jicho halijui kama duara linabingirika au linateleza. Ukitaka mtu aone kuwa mng'ao umesimama, mpe na kitu kinachokwenda.

Swali la pili likaja lenyewe: kama mng'ao haukai popote nipendapo, unakaa wapi hasa?

Kanuni yake ni ya zamani na ni nzuri sana. Mng'ao hutokea pale ambapo uso wa kitu umeelekea katikati kabisa, nusu ya njia baina ya taa na jicho. Kwa tufe, au kichwa cha msumari cha mviringo, hesabu hiyo inakupa mahali pa kuweka kidoa bila kubahatisha. Taa ikiwa nyuma ya kichwa chako, mng'ao uko katikati ya duara. Taa ikiwa imekaa pembe ya digrii 60 kutoka unapotazama, nusu yake ni digrii 30, na kidoa kinakaa nusu ya njia kutoka katikati kwenda ukingoni. Taa ikiwa ubavuni kabisa, digrii 90, kidoa kinasogea hadi kama sehemu 7 kwa 10 za njia hiyo. Bado hakijafika ukingoni! Ili kigonge ukingo lazima taa iwe nyuma ya kitu chenyewe. Mimi nilikuwa nikivibandika vidoa vyangu karibu kabisa na ukingo kwa kuwa niliona vinapendeza, huku kivuli cha chini nikikichora kana kwamba taa iko mbele. Taa mbili zisizojuana, na mtazamaji anahisi hata kama hana neno la kusema.

Basi nikatengeneza leya tupu, isiyoonekana, nikaiita Kandili. Kila mng'ao ukaandikiwa mstari mmoja wa hesabu, yaani ekspresheni: soma mahali ilipo Kandili, soma mahali ulipo msumari wangu, pata uelekeo kutoka msumari kwenda Kandili, kisha usogeze kidoa upande huo kwa sehemu fulani ya nusu kipenyo cha msumari. Basi. Nikiisogeza Kandili kwa kipanya, vidoa 48 vinahama kwa pamoja.

Hapo nikajifunza tofauti ya jua na taa ya chumbani kwa kuiona, si kwa kusoma. Kandili nikiipeleka mbali sana nje ya skrini, vidoa vyote vinaelekea upande mmoja kama safu za swala zinavyoelekea kibla. Hilo ni jua. Ni sahihi, lakini misumari inakuwa kama imepigwa muhuri mmoja. Nikiileta Kandili ndani, juu kidogo ya mlango, kila kidoa kinaigeukia kwa pembe yake, wa kulia anatazama kushoto, wa kushoto anatazama kulia. Na msumari unapoingia kutoka pembeni ukibingirika kupita chini ya taa, kidoa chake kinateleza taratibu kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Hakuna almasi hata moja, zile alama za kuamuru mwendo, niliyoiweka kwenye mstari wa muda kwa ajili ya mwendo huo. Umetoka wenyewe, kutokana na taa kuwa mahali pamoja. Nilikaa nikiutazama usiku ule kwa muda mrefu.

Labda utauliza kwa nini sikutumia taa za kweli za programu, maana zipo. Nilijaribu. Duara la leya ya maumbo, hata ukiligeuza kuwa la pande tatu, ni bapa kama karatasi. Taa inalimulika kama karatasi, mng'ao unakuwa waa moja pana linalokatiza juu ya misumari kadhaa, halijui kwamba ulikusudia vichwa vya mviringo. Kwa hiyo taa za kweli niliziachia ubao wa nyuma, ambao ni bapa kweli, na misumari nikabaki na Kandili yangu. Na kama unatumia taa hizo, ujue ile inayomulika kila mahali sawasawa, iitwayo Ambient, haitoi mng'ao kabisa. Nimeshaulizwa hilo na vijana zaidi ya mmoja: "Dada, nimewasha taa lakini hakuna kinachong'aa." Taa ile haina mahali, na mng'ao bila mahali hauwezi kuzaliwa.

Ubao ndio ulionifundisha rangi. Niliuchora wa msaji uliopakwa mafuta, nikawasha taa, na ukatoka kama bati lililoshika kutu. Sababu ni kitelezi kimoja katika mipangilio ya jinsi leya inavyopokea mwanga, kimeandikwa Metal, na kinaanzia 100. Kikiwa 100, mng'ao unachukua rangi ya kitu chenyewe. Kikiwa 0, unachukua rangi ya taa. Na ndivyo dunia ilivyo. Chukua sinia ya shaba na ndoo ya plastiki nyekundu, viweke dirishani. Mng'ao wa sinia una unjano ndani yake. Mng'ao wa ndoo ni mweupe, ingawa ndoo ni nyekundu. Metali huipaka taa rangi yake. Plastiki, mbao iliyopakwa mafuta, ngozi yenye jasho, kaure, vyote hivyo huirudisha taa kama ilivyokuja. Nikashusha kitelezi cha ubao hadi 0, nikautia mng'ao mpana na hafifu, na msaji ukarudi kuwa msaji. Upande wa misumari nikaondoa weupe niliokuwa nimeushikilia kwa siku zote zile, nikaweka unjano mwepesi. Vifungo vya shati vikaisha hapo.

Ukubwa wa mng'ao una habari yake. Tunachokigeuza kwenye vitelezi vya programu nyingi kina asili katika kazi ya Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Hanoi aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani. Makala yake ya mwaka 1975 iligawa mwanga juu ya kitu katika sehemu tatu: ule wa mazingira, ule unaosambaa, na ule mkali unaorudi kama kwenye kioo. Sehemu ya tatu ikapewa namba moja inayoamua upana wake. Mwaka huohuo alifariki. Na ni mwaka huohuo 1975, chuoni hapohapo, ambapo Martin Newell alichukua buli la chai la nyumbani kwake akaligeuza kuwa namba za kompyuta, na hadi leo watu wanajaribia mwanga juu ya buli lile. Napenda sana kwamba ni buli. Nyumba gani ya kwetu haina buli? Ukitaka kuujua mng'ao, si lazima uwe na mashine. Liweke buli la kaure mezani, washa tochi ya simu, lizunguke.

Namba ile ya upana hutafsiriwa hivi: kitu kilichosuguliwa sana kina mng'ao mdogo na mkali, kitu chenye chembechembe kina mng'ao mpana na hafifu. Kosa langu lilikuwa kutaka vyote viwili, mpana na mkali, kwa kuwa mteja alisema "uonekane". Mpana na mkali ni unga uliomwagika. Mwanga ni uleule, ukiutandaza hauna budi kufifia. Siku hizi nikipanua mng'ao mara mbili, mkono wangu unakwenda wenyewe kushusha ukali.

Kuna na jambo la kuchanganya leya ambalo watu hulipita haraka. Mng'ao ukiwekwa juu ya umbo kwa modi ya Add, namba zinajumlishwa tu. Shaba yangu ilikuwa na nyekundu 212, kijani 160, bluu 60. Nikiongeza mng'ao wa 90 kwa kila rangi, nyekundu inafika 302, lakini kwenye mradi wa biti 8 mwisho ni 255, kwa hiyo 47 zinakatwa. Kijani 250, bluu 150. Uwiano umevunjika, shaba inageuka kuwa njano ya ndizi mbivu. Modi ya Screen hairuhusu kuvuka ukomo. Kwa namba hizohizo inatoa takriban 227, 194 na 129, laini zaidi, ila nayo inapauka ukiizidisha. Kwa vidoa vikali natumia Add na mradi naupandisha kuwa wa biti 32, ambako namba zinaruhusiwa kuvuka ukomo bila kukatwa, kisha nazishusha mwishoni. Kwa ming'ao mipana naweka Screen. Si sheria, ndivyo macho yangu yalivyotulia.

Sasa jina la kipindi. Mwanga kupita juu ya maandishi ni kitu ambacho wateja wetu wanakipenda mno, na wengi tunatumia CC Light Sweep, athari ya kupitisha mstari wa mwanga, iliyomo humohumo ndani ya programu. Niliiweka juu ya leya ya jina, jina likapanda kutoka chini, na ule mstari wa mwanga ukabaki palepale kwenye skrini huku jina likipita chini yake. Nilidhani programu imeharibika. Nikafunga, nikafungua, yaleyale.

Kumbe ni mpangilio wa hesabu. Leya ya kawaida, kama picha, huwekewa athari kwanza ndipo ihamishwe, kwa hiyo athari husafiri nayo. Leya ya maumbo na ya maandishi huhamishwa kwanza ndipo iwekewe athari, kwa hiyo kitovu cha mwanga kinahesabiwa kwa vipimo vya skrini, hakijali leya imekwenda wapi. Dawa ni kuifungia leya ndani ya komposisheni yake ndogo, yaani kazi ndogo ndani ya kazi kubwa, kisha athari pamoja na mwendo ukaviweka juu ya ile komposisheni, hapo inafuata. Nilifanya hivyo, ikafuata. Halafu nikamkumbuka Ami na doa lake.

Nikaifungua tena. Jina likapanda, mstari wa mwanga ukasimama angani chini ya Kandili, herufi zikapita ndani yake moja baada ya nyingine, kila ukingo ukiwaka kwa zamu yake na kuzima. Kile nilichokiita hitilafu ndicho kilichokuwa kweli. Tangu hapo kitu kikiwa kinatembea nauacha mwanga usimame. Kitu kikiwa kimesimama ndipo nautembeza mwanga, mara moja tu, kwa fremu kama 18 kati ya 25 za sekunde moja, na kwa upande ule ambao Kandili ipo. Mwanga unaotoka kushoto wakati taa iko kulia unaharibu kazi yote iliyotangulia.

Mteja aliomba nyongeza: misumari yote iwake na kuzima kwa mpigo kabla ya jina. Nilimkatalia kwa heshima, na sababu nikampa. Miongozo ya kimataifa inataka skrini isimulike na kuzima zaidi ya mara 3 ndani ya sekunde moja, maana wako watu wenye kifafa ambao mwako wa namna hiyo unawaangusha. Kipindi cha Ramadhani kinatazamwa na nyumba nzima baada ya futari, bibi na wajukuu. Nikampa mwako mmoja unaopita safu kwa safu kama upepo juu ya maji. Akaridhika.

Kasoro ya mwisho niliiona kwenye simu yake. Alikuwa akitazama kwa WhatsApp, kama wateja wote, na mng'ao mpana wa ubao ulikuwa umekatikakatika kuwa pete, kama jiwe limetupwa kisimani. Mng'ao laini una hatua nyingi ndogo za rangi, na video ikibanwa hatua hizo zinaunganishwa kwa nguvu. Nikarudi, nikautia ubao chembechembe kidogo sana, kiasi kwamba huzioni ila pete haziungani, nikaipima kwa kuituma kwa simu yangu mwenyewe mara nne.

Kabla ya kuikabidhi nilimpelekea Ami. Alikuwa juu ya ngazi fupi akipigilia mfaa, ule mti wa katikati, wa mlango wa mtu. Akashuka, akafuta mikono, akaishika simu kwa kuinyoosha mbali na macho kama kawaida yake. Sekunde 8 zikaisha. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nisimamishe pale misumari ilipokwisha kujipanga, kabla jina halijatokea.

Akaisogeza simu karibu, akaweka kucha yake juu ya kioo, safu ya tatu, msumari wa tano.

"Huu haujasuguliwa," akasema.

Ulikuwa ndio mmoja ambao mng'ao wake niliupanua na kuufifisha kwa makusudi, bila kumwambia mtu.